Gego la Mama Mkwe

Mama yangu anashona mapazia, na siku zote pini zake hukaa mdomoni. Ukimkuta kazini usitegemee salamu ndefu. Atakuitikia kwa nyusi, midomo imebana pini, mikono inavuta kitambaa mezani. Ndiyo maana asubuhi ile nilipoingia dukani kwake na kuzikuta pini zimelala kwenye kisahani cha chai, nilijua mambo si mazuri.

"Mama, unaumwa?"

"Nani kakwambia?" Alijibu bila kufungua meno, kama mtu anayesema siri.

"Pini ziko kwenye kisahani."

"Zimechoka."

Akanipa mgongo, akajitia kutafuta mkasi ambao ulikuwa umelala mbele yake. Nikazunguka meza. Shavu la kulia lilikuwa limeumuka kama unga wa mkate, ngozi imevutika hadi inang'aa, na jicho la upande huo limeanza kuwa dogo. Nilipotaka kuligusa alinipiga mkono.

"Ni gego la mwisho," alisema. "Lile la nyuma kabisa. Litatulia lenyewe."

Sasa mtu asiyetujua atauliza, shida iko wapi? Mume wangu ni daktari wa meno. Mtaani wanamwita Koleo, na hachukii. Hata watoto waliowahi kulia kwenye kiti chake humpungia mkono wakimwona barabarani. Kliniki yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la mama. Ukisimama mlangoni kwa mama unaweza kusoma kibao chake bila miwani. Mama angevuka tu, akaketi, akafumbua kinywa, basi.

Lakini Koleo ni mkwe wake. Tangu anioe, mama hajawahi kumwonyesha hata jino la mbele. Akija kwetu anasalimiana naye akiwa mlangoni, macho yako chini, ncha ya mtandio imefunika mdomo. Hawali meza moja. Hawasemi moja kwa moja, hata tukiwa watatu sebuleni na mimi nimekaa katikati yao. Mama atasema, "Mwambie mwenzio mvua inakuja, aanue nguo." Mume wangu, ambaye ana masikio mazima na amekaa hapo hapo, atangoja nigeuke nimwambie, "Mama anasema mvua inakuja." Ndipo anainuka. Wakati huo nguo zimeshalowa.

Mimi nilikuwa posta yao, na ninajisifu nilikuwa posta nzuri. Maneno makali niliyachuja, maneno makavu niliyatia sukari kidogo. Kila mmoja alipata ujumbe ambao angependa kuupata, na nyumba ikakaa kwa amani.

Chukua habari ya makoti. Mama ndiye anayemshonea mume wangu makoti meupe ya kazi. Kumpima haikuwezekana, amzungushie mkwe utepe kifuani? Akaniagiza shati lake apimie. Nikachomoa moja kwenye kapu la nguo chafu bila kuuliza, nikapeleka. Kumbe lilikuwa la shemeji yangu, kaka yake Koleo, pande la mtu, aliyekuwa amelala kwetu siku hiyo. Koti likaja, mikono inafunika vidole. Mume wangu akajitazama kwenye kioo, akaikunja mikono, akasema, "Mwambie mama limenikaa sawasawa." Nikamwambia. Mama alifurahi hadi akashona mengine kwa kipimo kile kile. Basi mume wangu akawa anang'oa meno ya watu akiwa amekunja mikono kama mtu anayefua.

Siku ile ya pini kwenye kisahani, mchana nilivuka barabara nikamweleza mume wangu habari ya gego. Alikuwa ananawa mikono, akafunga bomba.

"Anameza vizuri?"

"Kwa shida."

"Ana homa?"

"Ana joto, ndiyo."

"Uvimbe uko shavuni tu, au umeshuka chini ya taya?"

"Umeanza kushuka."

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, yeye mwenyewe. "Sikiliza. Hilo si jino la kungoja. Huo ni usaha na unatafuta njia. Ukishuka shingoni utabana koo, na koo likibanwa mtu hapati pumzi. Watu wanakufa kwa kitu hiki, mke wangu. Wanakufa kweli."

Akapiga simu hospitali kubwa. Bingwa wa huko alikuwa safarini. Mwenzake aliyepokea alimwambia wasingoje: apigwe sindano za dawa, na kinywa kikifunguka kidogo tu, gego litoke. Mume wangu akashukuru, akakata simu, akaniangalia kwa macho ya kuomba.

"Tumtafutie daktari mwingine," alisema.

"Mwingine yupi?"

"Yeyote. Si mimi."

Nilikasirika, sitaficha. Mmoja anaona haya, mwingine anaogopa, na usaha hauna adabu, haujui mkwe ni nani. Nikavuka tena barabara nikamwambia mama atang'olewa jino na Koleo apende asipende.

"Nimfumbulie kinywa mkwe wangu?" alisema. "Bora nife."

"Utakufa kweli, mama. Si maneno."

"Basi nitakufa na heshima yangu. Nishikie hiyo ncha ya pazia."

Nikashika ncha ya pazia. Ningefanya nini?

Sindano za dawa alikubali, kwa kuwa zilipigwa na msaidizi wa kliniki, mama wa makamo asiyecheka ovyo, aliyekuwa akivuka barabara asubuhi na jioni na kisanduku chake. Taya likalegea kidogo. Uvimbe ukagoma. Kisha asubuhi moja nikampelekea uji mwepesi, akaunywa, ukarudi wote kwenye kidevu. Akajaribu maji, nayo yakarudi. Tukaangaliana. Mama yangu si mtu wa kuogopa. Amemzika baba, amenilea kwa sindano na uzi, na sijawahi kumwona akitetemeka. Siku ile kijiko kiligonga bakuli mkononi mwake, akashindwa kukizuia.

"Haya," alisema. "Nivushe."

Akajifunga mtandio hadi chini ya macho, nikamshika mkono, tukavuka.

Chumba cha kliniki ni kidogo. Kiti cha wagonjwa kimetatuka sehemu ya kichwa, kimebandikwa plasta. Pembeni kuna beseni la kutemea ambalo maji huzunguka muda wote, na trei ya vyuma iliyofunikwa kitambaa. Harufu yake ni spiriti na mafuta ya karafuu. Picha ya eksirei ya taya la mama, aliyopigwa na msaidizi mara tulipofika, ilikuwa imebandikwa kwenye kioo chenye taa, na hata mimi nisiyejua kitu nililiona gego lenyewe, limelala chali kwenye kona yake, limemkandamiza jirani yake.

Mume wangu alisimama dirishani, mgongo umetuelekea.

"Muulize mama limeanza lini," aliliambia dirisha.

"Mama, limeanza lini?"

"Mwambie juzi."

"Wiki nzima," nikasema.

"Muulize kama dawa yoyote humletea vipele."

"Mwambie hapana. Na mwambie asiniangalie sana."

"Anasema hapana," nikasema.

Msaidizi aliangalia dari. Nadhani alikuwa anaomba subira.

"Basi mwambie afumbue kinywa, tumpige ganzi."

Mama akavuta mtandio chini taratibu, kama mtu anayefungua mlango kwa upenyo ili aone mgeni ni nani. Midomo ikaachana. Nikamshika mkono, nikajivimbisha kifua. Nilishawasema wote wawili siku zile kuwa waoga, na nilikuwa hapo kuwaonyesha ushujaa ni nini. Mume wangu akageuka na sindano. Ilikuwa ndefu, jamani. Nikaiona ikielekea nyuma kabisa, ikigusa fizi nyekundu, ikiingia.

"Mwambie atasikia kama ameumwa na siafu," alisema.

Nikafumbua mdomo nimwambie, na taa ya juu ikaanza kuzunguka pamoja na maji ya beseni.

Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye benchi la ukutani, miguu imeinuliwa juu ya kigoda. Nilisikia sauti ya msaidizi. "Huyu hana neno. Ni mshtuko tu. Ngoja nikamtafutie maji ya sukari." Viatu vyake vikatoka, mlango ukajifunga.

Nilitaka kufumbua macho, nikasikia sauti ya mama.

"Anapumua?"

Hakusema "muulize kama anapumua". Hakukuwa na wa kuuliza. Posta ilikuwa imelala benchini. Maji yakazunguka kwenye beseni.

"Anapumua, mama," mume wangu akajibu. "Amezimia tu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza bila mtu wa katikati. Hata ungenimwagia ndoo ya maji siku ile nisingefumbua macho.

"Ndivyo alivyo tangu mtoto," mama alisema. "Damu hawezi, sindano hawezi. Mdomo tu."

"Mdomo anao," mume wangu akakubali, haraka mno kwa maoni yangu.

Mama akatoa kicheko kifupi, kikakatika. "Usinichekeshe. Linauma."

"Samahani, mama. Ganzi itashika sasa hivi. Tungoje kidogo."

"Tungoje."

Wakangoja. Nilikuwa nahesabu kuwa wamemaliza, wamerudi kwenye ububu wao, mama aliposema kwa sauti ya chini, "Nataka nikwambie neno kabla mdomo haujafa."

"Nakusikiliza."

"Unadhani nimekataa kwa haya. Haya ninazo, lakini mtu mzima hafi kwa haya. Nilikuwa naogopa mkono wako. Si kwamba hujui kazi; nakaa pale mlangoni kwangu, naona watu wanaingia wamejishika mashavu, wanatoka wanaongea. Lakini mkono wa mtu unaweza kuteleza. Ukiteleza kwa mwingine, ni bahati mbaya. Ukiteleza kwangu, huyu mwanangu atakutazama vipi? Atakaa na wewe nyumba moja, anakupakulia, na mkono unaopokea sahani ndio huo. Baba yake hayupo. Mimi nikiondoka, amebaki na wewe. Sikutaka siku moja apoteze wote wawili."

Machozi yakaanza kunitoka pembeni mwa macho, yakaniingia masikioni. Sikujifuta. Nilikuwa nimedhani ni ushamba na ukaidi, nikamgombeza, kumbe muda wote alikuwa ananilindia ndoa yangu kwa taya lililojaa usaha.

"Na mimi ndicho nilichoogopa, mama," mume wangu alisema. "Ndiyo maana nilikuwa natafuta daktari mwingine. Mkono wenyewe huu hapa, tazama, hautulii."

"Nauona. Hebu ulete."

Nikafungua jicho moja, kope tu. Mama alikuwa ameketi wima kitini, mtandio umeanguka mabegani, uso wake wote uko wazi na umepinda kwa uvimbe. Alikuwa ameshika mkono wa koti la mume wangu kwa vidole viwili, kama anavyoshika kitambaa cha mteja anayemdanganya bei.

"Mbona mikono mirefu hivi?"

"Imenikaa sawasawa, mama."

"Sawasawa wapi? Umeikunja, ukaikunja tena. Mimi ni fundi. Huyu alisema inakutosha."

"Nilimwambia aseme hivyo."

"Na yale mengine?"

"Yote."

"Kumbe nakuvalisha magunia miaka yote hii, na mimi naletewa habari kuwa mkwe amefurahi!"

"Nilifurahi, mama. Hapo hakuongopa. Mama yangu alifariki sijaanza hata shule. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akanishonea mimi nguo. Niliona nikisema mikono ni mirefu, utaacha."

Mama akapeleka mkono kifuani. Pini zake alikuwa nazo, zimechomekwa hapo kwenye gauni kama kila anapotoka dukani. Mama yangu anaweza kusahau viatu lakini si pini. Akazichomoa. Akataka kuziweka mdomoni kwa mazoea, akakumbuka, akazipanga kwenye ukingo wa meza ya vyuma. Akaukunjua mkono wa koti, akaupandisha hadi penye kifundo cha mkono, akaukunjia ndani na kuupiga pini pande zote, kisha akahamia wa pili. Vidole vyake havikutetemeka hata kidogo. Mume wangu alisimama ameinama mbele yake, amenyoosha mikono, anaangalia utosi wa mama mkwe wake. Mama alipomaliza akavipapasa viganja vya mkwe wake, upande na upande. Navyo vilikuwa vimetulia.

"Haya," mama alisema, na sasa maneno yalianza kumlegea kwa ganzi. "Nawa, uvae glavu zako, ulitoe. Na likitokea la kutokea, nimekuja hapa kwa miguu yangu, kwa akili yangu. Huyu ni shahidi."

"Amezimia, mama."

"Nani? Huyo? Alizinduka zamani. Nimemzaa mimi, namjua akilala na akijifanya amelala. Kope zinamcheza." Akainua sauti kadiri taya lilivyomruhusu. "Wewe! Umesikia niliyosema?"

Sikufumbua macho. Nilishindwa.

"Nimesikia, mama," nikasema.

"Usije ukasema hukusikia."

Msaidizi akarudi na maji ya sukari, akakuta kila mtu yuko mahali pake, akaniwekea glasi mkononi na kwenda kuvaa barakoa. Mama akalala kitini. Akauchukua mtandio ule ule wa kufunika mdomo, akajifunika macho, kinywa akakiacha wazi.

Nilibaki benchini, uso umeelekea ukutani. Nilisikia chuma kikigusa trei, mashine ikilia, na msaidizi akivuta mate kwa mrija wake. Mume wangu hakuacha kusema hata mara moja, na hakusema na mimi. "Sasa utasikia nasukuma, mama, maumivu hayapo. Sasa kuna kelele kidogo, nalikata vipande viwili. Vizuri. Pumua kwa pua. Usaha huo unatoka, uache utoke. Vizuri sana, mama." Kuna mlio ulisikika kama kijiti kikavu kinavunjika, roho ikanipaa. Kisha kitu kikaanguka kwenye trei, na kingine.

"Limetoka," mume wangu alisema. "Limetoka lote, mama."

Nikageuka. Mama alikuwa ameshika pindo la koti la mume wangu, amelikunjia ngumi, na hakujua kama amelishika. Alikuwa hai. Nilimtazama kifua kikipanda na kushuka, nikakitazama tena na tena, sikuchoka.

Alipoketi akanyoosha kiganja bila kusema, kinywa kimejaa pamba. Mume wangu akamwekea vile vipande viwili. Mama akavigeuza kwa kidole, akaviangalia, akatikisa kichwa, akanionyesha mimi na kusonya kwa pua. Nilielewa: kadudu kenyewe ndiko haka?

Uvimbe uliisha taratibu. Pini zikarudi mdomoni, mwanzoni upande wa kushoto tu. Siku ya kutoa nyuzi alizoshonwa fizi ilipofika nilipitia dukani kumchukua, nikamkuta ameshajiandaa. Mtandio ulikuwa mabegani. Utepe wa kupimia alikuwa ameuning'iniza shingoni, na mkobani amebeba kitambaa cheupe kipya.

Tukavuka. Mlangoni kwa daktari nikatangulia kuingia, kama kawaida ya mtu wa katikati. Mama akanivuta gauni.

"Wewe kaa hapa nje."

"Kwa nini? Nani atawasemesha?"

"Sina nguvu za kuokota watu leo."

Akaingia, akafunga mlango. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, karibu na bwana aliyejishika shavu, nikisikiliza. Kwanza ilikuwa mikasi midogo, na mume wangu akisema pamepona vizuri. Kisha kiti kikalia, mtu anainuka. Kisha sauti ya mama, ya kazini, ile anayotumia kwa wateja anaowapenda.

"Vua hilo gunia. Simama wima. Nyoosha mkono, mwanangu."

Neno hilo maisha yangu yote lilikuwa langu peke yangu. Nikajaribu kuona wivu. Yule bwana wa shavu akaniuliza kama kung'oa kunauma sana, maana ameona nalia, nikamwambia hapana, hakuumi, aingie tu zamu yake ikifika.